Ndoo Niliyopokea kwa Mama Mkwe

Kama unasoma haya huku unakung'uta mkono kama mtu aliyetoka kunawa na hana taulo, keti kidogo. Na kama pembeni yako yupo mtu anayekwambia "mbona haujavimba," mwambie naye akae, maana nimewaandikia wote wawili. Siandiki kwa upole. Nilikuwa mpole mwaka mzima, na upole ule umekula nyama ya chini ya kidole gumba changu cha kulia, na haitarudi.

Jina langu Nietiwe, ila huku kwetu juu, milima ya Upare, upande wa Chome, hakuna anayeniita hivyo tangu nilipojifungua. Mimi ni Mama Nakunda. Mume wangu, Baba Nakunda, analima mahindi na kufuga mbuzi huko chini Kisiwani, anapanda mlima Jumamosi na kuteremka Jumatatu. Nyumbani nakaa na mama yake. Binti yetu Nakunda yuko sekondari ya bweni. Zizini tuna ng'ombe watatu wa maziwa, na hao ndio chanzo cha maneno yote haya.

Nilipoolewa, siku ya tatu baada ya harusi, mama mkwe aliniita zizini asubuhi. Alikuwa ameshika ndoo ya bati, ile ya kukamulia, ameisugua kwa majivu mpaka inang'aa. Akanikabidhi kwa mikono miwili. Akasema, "Mwanangu, mikono yangu imechoka. Sasa ni zamu yako." Nilipiga goti nikaipokea. Niliona nimeheshimiwa. Miaka kumi na tisa nilijivunia ile asubuhi, na sasa nikiikumbuka natamani kuirudia ili niulize swali moja tu: imechokaje?

Asiyewahi kukamua anadhani ni kuvuta. Si kuvuta. Unabana chuchu juu kwa gumba na kidole cha shahada, halafu vidole vingine vinafuata kimoja kimoja mpaka cha mwisho, unaachia, unabana tena. Jaribu wewe kufumba na kufumbua kiganja kwa nguvu tangu unapobandika chai mpaka inapoiva. Huyo ni ng'ombe mmoja, asubuhi moja. Mimi nilikuwa na watatu, asubuhi na jioni, na katikati yake kuna kukata majani kwa mundu kwenye makorongo, kufunga mzigo, kupandisha. Halafu nilisifiwa mkono mwepesi. Ng'ombe wa jirani akizuia maziwa, wananiita. "Mama Nakunda, njoo umbembeleze huyu." Nakwenda, namkamua, nasifiwa tena. Sifa zile nilizipenda, sikatai.

Ilianza vuli. Vidole vitatu vya kulia, gumba, shahada na cha kati, viliingiwa na ganzi kila nikimaliza kukamua. Ganzi yenyewe haikuwa ya kimya. Ilikuwa inachoma, kama nimeshika siafu kiganjani na siwezi kuwatupa. Nikikung'uta mkono inapungua. Basi nikawa nakung'uta. Nakung'uta zizini, nakung'uta jikoni, nalala nikiwa nimening'iniza mkono nje ya kitanda na bado naamshwa na moto. Asubuhi naamka na mkono usio wangu. Naushika kwa mkono wa kushoto, nausugua mpaka urudi, kisha nauchukua kwenda kuutesa tena.

Krismasi ilipita, na masika yalipoanza nikaanza kudondosha vitu. Kikombe. Kifuniko cha sufuria. Kitabu cha nyimbo kanisani, kikalia pwaa wakati mchungaji anaomba. Nikichambua maharage nilikuwa siwezi kutofautisha harage na kijiwe kwa kugusa, mama mkwe akaja kuvunjika kipande cha jino mezani. Aliniangalia tu. Siku moja nilisikia harufu ya kitu kinachoungua, nikageuka kutafuta, kumbe ni kidole changu mwenyewe kimeegemea sufuria ya makande.

Kanisani kwetu, ibada ikiisha, tunatoka tukiimba na kupanga mstari nje, kila mtu anamshika mkono kila mtu. Watu wa huku tunashikana mikono ya wakulima, si ya kugusana vidole. Kila anayenishika ananibana palepale, machozi yananitoka. Nikaanza kutokea mlango wa pembeni. Baada ya Jumapili tatu likazuka neno kwamba Mama Nakunda ana ugomvi na mtu. Wakaanza kutafuta ni nani.

Nilikwenda zahanati. Sitaitaja. Nilikwenda mara tatu masika ile, kwa miguu, matope yakifika kwenye vifundo. Mara zote tatu nilikaa kwenye benchi na akina mama wenye watoto wa homa, nikaona aibu kuwa pale na mkono mzima usio na kidonda. Mara zote tatu nilipewa vidonge vya maumivu. Mara ya tatu yule kijana wa zamu aliniambia, bila kuinua uso, "Mama, punguza kazi."

"Nipunguze kazi gani?"

"Kazi za mikono."

Punguza kazi! Nikamwambie ng'ombe apunguze maziwa? Nilitembea njia nzima nikibishana na yule kijana kichwani, na kila hoja nilimshinda, ila yeye hakuwepo.

Jirani mmoja alisema ni kijicho, watu wameuonea wivu ule mkono mwepesi. Nikapelekwa kwa mkandaji, mzee anayesifika kwa mifupa. Aliukanda kwa mafuta na majani ya moto mpaka nikauma khanga. Siku mbili niliona nafuu kwa sababu sikukamua siku hizo mbili. Siku ya tatu mkono uliwaka kuliko mwanzo. Sasa najua kulikuwa na mshipa wa fahamu umebanwa kwenye kifundo cha mkono, na yule mzee alikuwa anaubana zaidi kwa nia njema kabisa.

Na Baba Nakunda? Alikuja Jumamosi moja, akauchukua mkono wangu, akaugeuza, akaukagua kama anayenunua mbuzi mnadani.

"Mbona haujavimba?"

"Haujavimba, lakini unauma."

"Unauma wapi sasa?"

"Ndani."

"Ndani," alirudia. "Mke wangu, wanawake wote huku wanakamua. Mama amekamua maisha yake yote. Umewahi kumsikia analalamika?"

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa anakoleza moto. Hakugeuka. Na mimi, mjinga, nilinyamaza kwa sababu kweli sikuwahi kumsikia.

Kipupwe kilikuwa kibaya kuliko yote. Ukungu unaingia mpaka ndani ya nyumba, ndoo ni baridi kama jiwe la mtoni. Nilikuwa naweka mkono kwenye maji ya moto ndipo nikakamue, maana vidole vilikuwa havifungi. Vifungo vya gauni nilifungiwa na mama mkwe. Nakunda aliporudi likizo ya katikati ya mwaka alikaa chini mbele yangu nimsuke, kama desturi yetu, nikasuka mistari mitatu nikaacha. Nikamwambia akasukwe kwa jirani. Alidhani nimekasirika naye, akachukua kitana chake akaondoka. Siku ile niliutazama mkono vizuri juani. Chini ya kidole gumba, pale penye nyama iliyotuna kwa kila mtu, kwangu palikuwa pamebonyea. Bonde. Nikaweka mkono wa kushoto pembeni, bado ulikuwa na kilima chake. Nikaificha mikono yote miwili kwenye khanga kama mwizi.

Kiangazi kilipokaribia kwisha, pembe ililia.

Kwa msiotufahamu: huku Upare pembe ikilia alfajiri ukingoni mwa kilima, ni msaragambo, kazi ya wote. Siku hiyo ilikuwa kusafisha ndiva, bwawa letu la maji ya shamba, kabla ya mvua. Kila mtu mzima anakwenda na jembe lake. Anayesamehewa ni mfiwa, mzazi mwenye kichanga, mzee, na mgonjwa aliyelala kitandani. Mgonjwa anayetembea hayumo kwenye orodha. Ni desturi nzuri, imetupa maji na barabara tangu enzi za mababu, wala siitukani. Naitaja kwa sababu ndiyo iliyonifikisha mwisho.

Nilikwenda. Niliingia kwenye tope na wenzangu, nikainua jembe mara ya kwanza, ya pili, na mara ya tatu vidole viliachia bila kuniuliza. Jembe liliruka likaanguka kando ya mguu wa mwanamke aliyekuwa nyuma yangu. Lingesogea shubiri moja tu, lingemkata. Alipiga kelele, watu wakasimama. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Elisamia, akauliza kuna nini.

"Mkono wangu hauna nguvu, mzee."

"Mkono upi? Huu ninaouona?"

Wakacheka. Si wote, lakini waliocheka walitosha. Mtu mmoja akasema, "Kukamua una nguvu, jembe huna?" Niliokota jembe kwa mkono wa kushoto nikatoka kwenye tope, nikaenda zangu nyumbani.

Wiki iliyofuata pembe ililia tena, kumalizia. Sikwenda. Jioni walikuja wanaume wawili, kwa heshima zote, wakabisha hodi, wakasema wametumwa. Asiyefika msaragambo bila sababu huchukuliwa kitu cha nyumbani kiwe rehani mpaka aende akajieleze. Kwa wengine huchukua sufuria au kuku. Wale waliangaza macho, wakaiona ndoo ya bati imefunikwa kwenye kichanja.

"Tutachukua hii, mama. Utaifuata kwa mwenyekiti."

Nilicheka. Nilicheka mpaka wakatazamana. Niliwaambia, "Chukueni. Chukueni na ng'ombe. Chukueni na huu mkono, mkaupe jembe muone." Mama mkwe alikuwa amesimama mlangoni ameshika kinywa. Waliondoka na ile ndoo inaning'inia, na jioni ile nilikamulia kwenye sufuria ya ugali, nikilia kwa hasira, ng'ombe wananishangaa.

Sisi Wapare tunataniwa kwamba mtu anauza ng'ombe apate kuendesha kesi ya kuku. Nataka ijulikane kwamba nilikuwa tayari. Nilikuwa nimepanga maneno yangu yote ya kwenda kumwambia Mzee Elisamia, neno kwa neno. Lakini Jumamosi Baba Nakunda alifika, akasikia habari njiani, akapitia kwa mwenyekiti kabla ya kufika nyumbani. Akaingia na ndoo mkononi, anatabasamu.

"Nimeshamaliza. Nimewaomba radhi."

"Umewaomba radhi ya nini?"

"Nimewaambia mke wangu siku hizi amelegea kidogo, lakini ni mchapakazi, wamsamehe."

Amelegea! Miaka kumi na tisa, halafu mume wangu mwenyewe anikombolee ndoo kwa kusema nimelegea. Niliingia chumbani, nikatoa kadi ya bima, khanga mbili na kitambulisho, nikafunga kwenye mfuko. Jumatatu nilipanda gari la asubuhi linaloshuka Same, nikamwacha yeye na ng'ombe wake mlangoni. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza iliyonisaidia, hasira. Ningeipata masika, ningekuwa na gumba leo.

Huko chini, kwenye hospitali niliyoelekezwa, karani wa mapokezi aliniuliza jina, kijiji, umri.

"Kazi?"

"Nakamua ng'ombe."

"Ni mama wa nyumbani?"

"Nakamua ng'ombe. Watatu. Andika."

"Mama, hapa hamna hiyo kazi. Nitaandika mkulima."

Aliandika mkulima. Nikaambiwa daktari bingwa wa mifupa huja siku moja tu kwa mwezi, na alikuwa ameondoka Ijumaa. Nirudi mwezi ujao. Nilirudi mlimani nikakamua mwezi mzima mwingine kwa mkono wa kushoto, na wa kulia ukisaidia kwa vifundo vya vidole. Namshukuru Mungu sikukata tamaa, maana karani yule nilikuwa nimeapa sitamwona tena.

Mwezi uliofuata nilikaa kwenye benchi la ukumbi tangu asubuhi. Joto la Same unalijua, na mimi ni mtu wa ukungu. Kushoto kwangu alikaa fundi cherehani, mama mtu mzima, amekata sare za shule kwa mkasi mpaka gumba limekakamaa. Kulia alikaa kaka mmoja anayeponda mawe. Kwanza tulikaa tu, kila mtu ameweka mkono mapajani kama mtoto aliyelala. Kisha yule fundi akaanza kukung'uta wake. Yule kaka akakung'uta wake. Na mimi nikakung'uta. Tukatazamana.

"Na wewe unaamka usiku?" fundi akaniuliza.

"Naamka."

"Unauning'iniza nje ya kitanda?"

"Nauning'iniza."

"Basi ni ugonjwa mmoja," akasema, akatoa chungwa kwenye mkoba. Hakuna hata mmoja wetu aliyeweza kulimenya. Yule kaka alilipasua kwa meno, tukagawana. Sijawahi kula chungwa tamu kama lile, na sijui jina la mtu hata mmoja kati yao.

Daktari alikuwa binti mdogo. Aliniamkia, "Shikamoo mama," nikasema marahaba, nikajiandaa kuambiwa nipunguze kazi. Hakusema. Aliikunja mikono yangu kwenye kifundo, akasubiri, mpaka moto ukaja. Akaniambia niguse kidole cha mwisho kwa gumba. La kushoto lilifika. La kulia lilisimama njiani kama mzee aliyechoka kupanda mlima. Kisha akaweka kidole chake pale kwenye bonde.

"Hapa palianza kubonyea lini?"

"Nimeona kipupwe."

"Mama, unafanya kazi gani? Hapa wameandika mkulima."

"Nakamua," nikasema, na nikaanza kulia palepale, kwa sababu ndiye mtu wa kwanza aliyeniuliza.

Aliacha nilie. Kisha akanieleza kwamba mkono unatakiwa upasuliwe hapo kifundoni, mshipa upewe nafasi.

"Na hii nyama itarudi?"

"Nikikwambia itarudi yote nitakuwa nakudanganya. Moto na ganzi vitapungua. Nguvu ya gumba, tutapata tutakachopata. Ungekuja mapema..." Akaishia hapo. Nilijua wapi pa kuipeleka ile sentensi, niliipeleka nyumbani kwangu.

Nilipasuliwa vuli, karibu mwaka tangu ianze. Ukiambiwa upasuaji usiogope kama nilivyoogopa. Walinichoma sindano ya ganzi mkononi, wakaweka pazia la kijani, nikawa macho muda wote. Niliwasikia wauguzi wanabishana makande yapikwe na nazi au na maziwa, nikawaambia kutoka upande wangu wa pazia kwamba Mpare hatii nazi. Wakacheka. Muuguzi mmoja alinifuta jasho usoni kwa upande wa kitambaa, polepole, kama mtu anayejua kufuta. Ilikwisha kabla sijamaliza kuogopa. Usiku ule nililala. Nasema nililala, mpaka asubuhi, mkono uko juu ya mto umefungwa bandeji, hakuna siafu. Mwaka mzima sikuwa nimelala hivyo.

Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Nikaambiwa wiki nyingine nne nisikamue, nisikamue nguo, nisibebe. Wiki zile mbili za mwanzo jirani yangu Mama Elisia alikuja asubuhi na jioni, akakamua wa kwake na wa kwangu, hakuomba hata asante. Lakini ng'ombe wake alizaa, akaelemewa. Ndipo shule zilipofunga, na Nakunda akapanda mlima na sanduku lake la bati kichwani.

Jumamosi Baba Nakunda alifika. Tulikuwa jikoni wote wanne. Alimtazama mtoto alivyorefuka, akafurahi, akasema neno ambalo kwake lilikuwa jepesi kabisa.

"Afadhali Nakunda amekuja. Atashika ndoo."

Nakunda ni mtoto mtiifu. Alinyanyuka. Alikwenda kwenye kichanja akaiteremsha ile ndoo ya bati, na nilipoona vidole vyake kwenye ule mpini nilitaka kusema na sauti haikutoka. Aliyesema ni mama mkwe.

"Weka chini."

"Bibi, ni dakika chache tu..."

"Nimesema weka chini!"

Sikuwahi kumsikia akipaza sauti. Alikuja mpaka nilipokaa, akaketi kwenye kigoda, akautoa mkono wake wa kulia kwenye khanga, akauweka wazi pembeni ya wangu wenye kovu jipya. Bonde. Lake lilikuwa la zamani, limekauka, ngozi imelala juu ya mfupa. Miaka kumi na tisa nimekula na mwanamke huyu kwenye sahani moja, na sikuwa nimewahi kutazama kiganja chake.

Nilipata sauti. "Mama, ulijua?"

"Nilijua mkono unauma."

"Ukanipa ndoo."

"Sikujua kama ni ugonjwa. Nilidhani mkono wa mwanamke ndivyo unavyokwisha. Mama mkwe wangu naye alining'iniza wake nje ya kitanda." Kisha akaongeza, na hapa namheshimu, maana angeweza kuficha. "Ulipoipokea siku ile, nilipumua. Nisamehe."

Nilimkasirikia. Sitasema uongo kwamba moyo ulilainika nikamkumbatia. Nilimkasirikia siku nyingi, na nilikuwa namfungulia mlango na kumpakulia chakula huku nimemkasirikia. Lakini usiku ule nilielewa kwamba hata mimi nilikuwa nimebakiza sekunde chache tu ninyamaze, mtoto aondoke na ndoo.

Nikamgeukia mume wangu. "Ndoo hiyo hapo. Ng'ombe ni wa nani?"

"Mimi? Na shamba Kisiwani?"

"Wapo vijana wa jirani wa kuangalia mbuzi. Wewe mwenyewe ulisema si kazi ngumu. Wanawake wote wanaifanya."

Alikwenda. Sifa yake nampa, alikwenda. Siku ya kwanza alipigwa teke, siku ya pili ng'ombe alizuia maziwa, siku ya tatu nilisimama kwenye ukuta wa zizi nikamwelekeza kwa maneno, kidole kwa kidole, na nilifurahi kuliko inavyofaa Mkristo. Kufikia wiki ya pili alikuwa anajaza ndoo.

Siku ya kumi na moja aliingia jikoni, akaweka ndoo chini, akaanza kukung'uta mkono.

"Mama Nakunda, hivi vidole vinakufa ganzi."

Niliugeuza mkono wake. Nikaukagua. "Mbona haujavimba?"

Hakucheka. Alikuwa na hofu ya kweli, na mama yake aliiona. "Siku ya daktari bingwa ni lini?" mama mkwe akauliza. "Ijumaa hii," nikasema. "Basi Ijumaa apande gari la asubuhi, hili si la kuchezea." Jirani aliyekuwa mlangoni akasema atamwambia dereva amwekee kiti. Mzee Elisamia alipita kesho yake kumpa pole. Siku kumi na moja! Mimi nilikung'uta mwaka mzima mbele ya watu haohao.

Nilisubiri mpaka Ijumaa. Gari lilipofika, Baba Nakunda akaenda kukaa mbele. Nikamwambia ashuke akae nyuma. Nikamshika mama mkwe kwa mkono wa kushoto, nikampandisha mbele, na mimi na mume wangu tukakaa nyuma juu ya magunia ya viazi.

Daktari yule binti alimwona Baba Nakunda kwanza, akamwambia ni mwanzo, kuna bandeji ngumu ya kuvaa akilala, kuna mazoezi, na zamu ya kukamua igawanywe kwa watu wawili. Dakika chache. Kisha akaona mkono wa mama mkwe umelala mapajani, akauchukua bila kuuliza, akaweka kidole kwenye bonde.

"Shikamoo bibi. Hapa palianza lini?"

Mama mkwe akamnyooshea kidole mwanawe, aliyekuwa anavaa bandeji yake.

"Nilipokuwa na mimba ya huyu," akasema.

Baba Nakunda aliacha kufunga ile bandeji, ikabaki inaning'inia.